Upepo Nilioandika Ulikuwa Upepo

Rugera, Karagwe
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mwanangu Gaudiosus,

Ta Projestus, mwenyekiti wetu wa kitongoji, amesema leo saa tatu asubuhi, akiwa amesimama uani kwangu, kwamba kuku wangu kumi na mmoja waliobaki wachinjwe na kufukiwa kabla ya Jumamosi. Anasema wana mdondo, ule ugonjwa unaomaliza banda zima. Anasema habari hiyo ameipata kwa simu kutoka Kyerwa.

Nimetanguliza hilo ili usije ukaishia kwenye salamu. Sasa salamu. Mimi shangazi yako ni mzima, isipokuwa bega la kushoto, ambalo nitalieleza likipona. Baba yako mdogo wa Bugene amefanyiwa upasuaji wa jicho, na sasa analalamika kwamba nyumba yake ni chafu, kwa hiyo anaona. Kahawa ya mbele ya nyumba imechanua mara mbili, jambo ambalo silipendi. Msalimie mkeo Ainembabazi. Mwambie mwanenu Edgar kwamba mtu aliyeanza shule halambi kamasi.

Yaliyotokea ni haya. Alhamisi tarehe 6, saa tisa na nusu alasiri, mvua ya mawe ilipanda kutoka bondeni. Upepo ulinyanyua mabati mawili ya banda, na ukuta wa miti uliobaki bila kichwa ukaangukia ndani. Kuku wote thelathini walikuwamo kwa sababu niliwaita mimi nilipoona wingu. Hilo ni kosa langu na sitalipunguza. Walikufa kumi na tisa: kumi na wawili chini ya ukuta, saba kwa mawe na baridi. Niliwahesabu mara mbili mbele ya jirani yangu Sperancia.

Ijumaa Sperancia alikutumia ujumbe kwa simu yake, maana yangu imebaki kuwa tochi. Betri yake ilikuwa inakata, akaniambia, "Ma Kokushubira, fupisha." Nikafupisha: UPEPO UMEUA KUKU 19. WAMEBAKI 11. NISAIDIE. Hukujibu. Leo nimeletewa hukumu.

Kuanzia sasa sitaki simu. Maneno matano na namba mbili yametosha kuwahukumu kuku wangu. Nitaandika barua, nitaandika sentensi nzima, na Elick, konda wa Hiace ya Kayanga kwenda Nkwenda, ndiye atakayezibeba.

Wewe una duka la dawa za mifugo. Mwenyekiti anakujua na anakuheshimu. Njoo umwambie kwamba ukuta wa miti si ugonjwa. Mimi sichinji.

Shangazi yako,
Kokushubira


Nkwenda, Kyerwa
Jumatano, 19 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenifikia juzi. Elick anasema gari lilikaa gereji siku sita na bahasha ilikuwa chini ya kiti chake pamoja na spana. Nasikitika kwamba Jumamosi uliyoitaja imeshapita na sijui nini kimetokea.

Sisi hatujambo. Ainembabazi anakusalimia sana. Edgar amefundishwa kuandika jina lake na ameliandika kwenye ukuta wa sebule, kwa mkaa, herufi kubwa kama za bango. Mvua huku ni za kawaida, ila barabara ya Isingiro imechimbika.

Pole sana kwa kuku. Pole pia kwa bega, ingawa hukusema limefanyaje.

Shangazi, nakuomba usishindane na Ta Projestus. Yeye analinda kuku wa kitongoji kizima. Kuku kumi na mmoja si kitu cha kugombania na viongozi. Wachinje, yaishe, na mwezi wa sita nitakuletea vifaranga thelathini wa chotara, wakubwa, wanaotaga vizuri kuliko hao wa kienyeji. Au njoo ukae nasi Nkwenda walau miezi miwili, upumzike.

Kitu kimoja naomba unijibu bila kukosa. Hao waliobaki, kuna aliyepinda shingo? Kuna anayeharisha kijani? Kuna anayekohoa au kuburuta bawa?

Kuhusu hiyo simu ya kutoka Kyerwa, Kyerwa ni wilaya nzima. Watu ni wengi.

Mwanao,
Gaudiosus


Rugera
Jumapili, 23 Machi 2025

Gaudiosus mwanangu,

Hakuna aliyepinda shingo. Hakuna anayeharisha kijani. Hakuna anayekohoa. Jogoo anaburuta bawa, lakini analiburuta mbele ya mitetea, na sababu yake unaijua.

Nashukuru kwa salamu. Hapa tumezika mzee mmoja wa kanisani, miaka tisini na moja, bila vilio virefu. Ndizi zilizoangushwa na upepo tumezimenya siku nne mfululizo hadi vidole vikawa vyeusi. Bega linaendelea.

Sasa Jumamosi ya tarehe 15. Ta Projestus alikuja saa mbili na wanaume wawili. Walikuwa na kisu kimoja na ndoo mbili. Nilikuwa nimeketi mlangoni pa jiko, kuku nimewafungia humo.

Nikawaamkia, "Kasinge waitu. Mmekuja kufukia?"

Akasema, "Tumekuja kutekeleza."

"Jembe liko wapi?"

Mmoja wa wale wawili akasogeza ndoo nyuma ya miguu yake.

Nikasema, "Ta Projestus, kuku mgonjwa anachimbiwa shimo. Wewe shimo unalichimba kwa ndoo?"

Yule mmoja alianza kucheka, akajikohoza. Mwenyekiti akapandisha sauti kwamba nawaficha kuku ili niwale mwenyewe. Hapo Sperancia, aliyekuwa kwenye uzio akijifanya anachuma mchicha, akamjibu kwa niaba yangu: "Huyo? Huyo hajaonja kuku tangu azaliwe!" Ni kweli, na wewe unajua. Bibi yako alitulea kwa mwiko wa zamani, kwamba mwanamke hali kuku wala yai. Wenzangu waliuacha. Mimi sikuuacha, si kwa hofu, ni kwa sababu hakuna aliyenipa sababu nzuri ya kuanza. Nimefuga kuku miaka thelathini na sijui ladha yao. Kwa hiyo kati yangu na mwenyekiti, mwenye njaa nao ni mmoja.

Tulibishana hadi saa nne, tukafikia hivi, na nimeandika kwenye karatasi akaweka sahihi. Kuku wakae kifungoni siku ishirini na moja, kuanzia tarehe 15 Machi hadi Jumamosi tarehe 5 Aprili. Wasitoke, wasiuzwe, mayai yao yasiende kwa mtu. Yeye atakuja kuhesabu kila siku ya tatu. Kumi na mmoja wakitimia tarehe 5, wako huru. Akifa hata mmoja, kwa namna yoyote, wote wanachinjwa.

Nilimwuliza, "Kwa namna yoyote?" Akasema, "Kwa namna yoyote." Nikakubali, kwa sababu mbadala wake ulikuwa zile ndoo.

Sasa uelewe hali yangu. Sipigani na mdondo, maana haupo. Napigana na kila kitu kingine kinachoua kuku. Nimejenga banda jipya nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, mlango ukitazama ukuta wa jiko ili upepo wa bondeni usiupate. Paa ni nyasi, nimelifunga kwa kamba za mgomba na kulitandikia matawi ya mbuni juu. Nyasi hupepea zikarudi. Bati likiondoka linaondoka na roho za watu. Banda limesimama juu ya miguu minne, na kila mguu nimeuvika debe la mafuta lililokunjuliwa, ili kicheche akipanda ateleze. Kwa mwewe nimenyoosha utepe wa kaseti juu ya ua, mti hadi mti. Unavuma na kumeta, na mwewe haupendi. Ni kaseti za kwaya za marehemu baba yako. Ukinuna, nuna.

Mtetea mwekundu peke yake yuko jikoni kwenye kikapu, anaatamia mayai tisa, na simhamishi.

Swali moja. Sikumwambia mtu yeyote duniani kwamba kuku wamekufa isipokuwa Sperancia, aliyewaona, na wewe, uliyeandikiwa. Sperancia hana mtu Kyerwa. Vifaranga wa chotara sitaki.

Kokushubira


Nkwenda
Jumamosi, 29 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Nimefurahi kusikia hawajapinda shingo. Nimefurahi sana. Naomba uendelee kuangalia kijani, hasa asubuhi, na macho, kama yanavimba.

Ainembabazi alicheka habari ya ndoo hadi akakaa chini. Amewasimulia wanawake wa jumuiya, kwa hiyo Ta Projestus sasa anajulikana hadi Nkwenda. Edgar ana mafua. Kaseti sinuni. Baba alikuwa akiimba sauti ya tatu na haikusikika hata kwenye redio nzuri.

Nimemkabidhi Elick mita sita za wavu wa chuma wa matundu madogo. Uufunge kuzunguka banda hadi chini, kisha uukunje kuelekea nje shubiri mbili na kuufunika udongo, kwa sababu nguchiro huchimba pale pale penye ukuta, hajui kurudi nyuma. Huyo kwenye kikapu namwogopa. Jiko la nyasi si banda. Mpandishe juu.

Kuna jambo lingine. Ile chupa ya chanjo ya mdondo, ya matone ya macho, niliyokutumia Januari, ulibaki nayo? Kama bado ipo unaweza kuitupa. Chupa tupu si vizuri kukaa nazo nyumbani.

Swali lako nitalijibu nikija. Mengine hayafai kwenye karatasi.

Gaudiosus


Rugera
Jumatano, 2 Aprili 2025

Gaudiosus,

Wamebaki kumi. Mtetea mwekundu ameuawa na kicheche jana alfajiri, jikoni, kwenye kikapu. Uliniambia nimpandishe. Barua yako na wavu vilinifikia jana saa sita mchana, muda wa saa saba baada ya yeye kufa. Elick alianza kuzungukia Bugene kupeleka godoro.

Nimemkuta amelala juu ya mayai yake, ameng'atwa shingoni, damu imenyonywa, nyama haikuguswa. Mayai saba mazima, mawili yamepasuka. Sikumwondoa. Nilifunga mlango, nikamwita Ta Projestus mwenyewe kabla hajaja kuhesabu, kwa sababu sitaki kuambiwa nimeficha maiti.

Alichungulia. Akasema, "Kumi."

Nikasema, "Tazama shingo."

"Tulikubaliana kwa namna yoyote. Kuku aliyekufa ni kuku aliyekufa."

Nikamwambia, "Bibi yako alianguka mgombani akifuata ndizi, kitongoji kizima tulimzika. Tungeandika kipindupindu? Aliyekufa si ni aliyekufa?"

Kisha akasema kwamba nina mdomo. Nikasema ninao, na karatasi ya sahihi ninayo pia, lakini haikatazi shahidi. Nikamwambia asubiri hadi saa kumi nilete shahidi. Sperancia alipanda bodaboda hadi Kayanga akarudi na afisa mifugo, binti anayeitwa Evelyn, mdogo kwa umbo, mabuti yake yanamfikia magotini.

Evelyn alimpasua mtetea juu ya jani la mgomba mbele ya mwenyekiti na watu kama kumi na tano. Alionyesha matundu mawili ya meno, umbali wa kucha kati yake. Akafungua tumbo, akafungua koo, akapekua polepole. Akasema, "Mdondo ungeacha madoa ya damu hapa na hapa. Hakuna. Huyu ameuawa na kicheche, na alikuwa na afya kuliko sisi."

Kisha akaniuliza, "Bibi, nani alisema ni mdondo?"

Nikamwonyesha ujumbe kwenye simu ya Sperancia. Akausoma. Akaniuliza, "Upepo gani huu?"

"Upepo wenyewe. Ule unaovuma."

"Ule unaovuma?"

"Omuyaga, binti yangu. Uliong'oa bati. Mabati yale pale, moja limekwama kwenye mti wa jirani."

Akaweka kisu chini akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaeleza watu kwamba madukani wafugaji wakisema kuku wamepigwa upepo wanamaanisha mdondo, kwa sababu unakuja ghafla na kupita nyumba kwa nyumba. Mimi sikuwa nalijua hilo. Kiswahili kina dhoruba na kina tufani, lakini mimi nilitumia neno nililotoka nalo nyumbani. Nilipima kahawa ya chama cha msingi miaka ishirini na mitatu na sikuwahi kuandika kilo moja badala ya nyingine. Sasa nimeambiwa neno langu moja lilikuwa na uzito wa pili.

Upepo nilioandika ulikuwa upepo. Sitalifuta.

Evelyn alikubaliana na mwenyekiti kwamba mtetea mwekundu asihesabiwe. Siku zinaendelea hadi tarehe 5.

Kabla ya kuondoka aliuliza kama nilichanja. Nikatoa chupa yako ya Januari. Sikuitupa. Situpi chupa yenye kizibo kizuri. Akasoma tarehe, akaona haijapita. Akauliza, "Ilihifadhiwa wapi kabla ya kukufikia?" Nikasema sijui. Hilo swali halikuwa langu, kwa hiyo nalituma kwako, pamoja na lile la kwanza.

Unasema mengine hayafai kwenye karatasi. Kwangu yasiyofaa kwenye karatasi hayafai popote.

Kokushubira

Mayai saba nimemwekea mtetea mweusi. Ameyakubali.


Nkwenda
Jumanne, 8 Aprili 2025

Shikamoo Shangazi,

Hatujambo. Edgar amepona.

Nilipiga simu mimi. Nilimpigia Ta Projestus Jumamosi tarehe 8 Machi, saa moja asubuhi, nikamwambia kuna mdondo kwako na awahi kabla haujasambaa.

Naweza kusema nilidanganywa na neno, kwa sababu dukani nalisikia kila siku kwa maana ile nyingine. Lakini ningeweza kukuuliza kwanza. Simu ya Sperancia ingepokelewa. Sikuuliza kwa sababu nilishajua jibu, au nilidhani nalijua. Januari umeme ulikatika hapa siku nne. Friji ya duka ilizima na chupa za chanjo zilikaa humo bila baridi. Umeme uliporudi zilipoa tena, na kwa kuzitazama hazikuwa na tofauti. Nilizituma. Yako ilikuwa mojawapo. Rugera peke yake nilituma kwa nyumba kumi na nne.

Ulipoandika upepo umeua kuku, nilisoma kitu nilichokuwa nikikingoja tangu Januari. Nikataka niwe wa kwanza kutoa taarifa, ili baadaye asiwepo wa kuniuliza.

Ulisema nije nimwambie mwenyekiti. Sikuja kwa sababu angenishukuru mbele yako.

Nisamehe, Shangazi. Naomba barua hii uichome ukishaisoma. Nitawapelekea wale kumi na nne chupa mpya kimya kimya, mmoja mmoja, bila kelele. Haki itakuwa imetendeka na duka litabaki.

Mwanao,
Gaudiosus


Rugera
Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Mwanangu Gaudiosus,

Salamu zako nimezipokea. Baba yako mdogo sasa anaona hadi bonde la pili na hakuna anayelala kwa amani Bugene. Mvua imenyesha vizuri wiki nzima. Ijumaa upepo ulikuja tena kutoka bondeni, mkubwa kuliko ule wa Machi kwa kipimo changu, ukaangusha migomba kumi na mmoja. Banda lilitikisika likabaki. Kuku hawakunyanyua hata kichwa.

Tarehe 5 Ta Projestus alihesabu kumi. Akahesabu tena, nadhani kwa matumaini. Kisha akatia sahihi kwamba wako huru. Akasema, "Haya, Ma Kokushubira, umeshinda." Nikamwambia sijashinda kitu, nimehesabiwa tu.

Nilifungua mlango wakatoka. Lakini hakuna anayechukua mayai yangu. Bombani wanawake wananisalimia vizuri kisha wanavuta watoto wao. Mmoja aliona jogoo wangu kwenye uzio wake akamfukuza kwa mwiko wa ugali akipiga kelele, "Kuku wa mdondo! Kuku wa mdondo!" Karatasi ya mwenyekiti iko ndani ya boksi langu, lakini jina hilo liko midomoni, na midomo haisomi karatasi. Ni wewe uliyewapa kuku wangu jina hilo, nawe ndiye utakayewavua.

Barua yako sikuichoma. Sitaichoma. Nimeisoma mara mbili na sikumsomea mtu. Unaomba msamaha, na huo ni wa kwangu na wako, tutauzungumza uso kwa uso, hauna haraka. Chanjo si yangu na yako. Nyumba kumi na nne hapa zinaamini kuku wao wamekingwa na hawajakingwa. Mdondo wa kweli ukija, hawatajua kwa nini. Hutakwenda kimya kimya, mmoja mmoja, kama mtu anayerudisha jembe la wizi. Atakayekuona mlango wa tatu atauliza, na mlango wa saba watakuwa wameshatunga hadithi yao, na hadithi hiyo itakuwa juu yangu.

Unasema duka litabaki. Duka linalobaki kwa kunyamaza ni friji iliyozima, mwanangu. Ukiigusa kwa nje ni baridi.

Nimekwenda kwa Evelyn Kayanga kwa miguu yangu. Sikumwambia jina. Nilimwambia kuna mtu ana jambo la kusema kuhusu chupa za Januari, na kwamba atalisema mwenyewe. Amekubali kuwepo na kushika orodha ya kuchanja upya. Kisha nikaenda kwa Ta Projestus nikaomba nafasi kwenye mkutano wa kitongoji. Akauliza ajenda ni nini. Nikasema, "Upepo." Ameiandika hivyo hivyo.

Utasimama na kusema mambo mawili. La kwanza, kwamba kuku wa Kokushubira waliuawa na upepo unaovuma, na aliyesema mdondo ni wewe. La pili, friji. Usianze na umeme kukatika, umeme haukutuma chupa. Anza na jina lako. Watakutukana. Mmoja atakuuliza umesoma shule gani. Mwache amalize, kisha uanze kuchanja. Usipokuja, barua yako nitaisoma mimi, kwa sauti, pamoja na tarehe.

Mkutano ni Jumamosi tarehe 3 Mei, saa nne kamili asubuhi, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kuku wa kuchanjwa ni mia mbili na sita pamoja na wangu, nimepita nyumba zote kumi na nne kuhesabu. Elick anaondoka Nkwenda saa kumi na mbili na amekuwekea kiti cha mbele. Chupa zije ndani ya barafu, na barafu uipakate mwenyewe.

Shangazi yako,
Kokushubira